Taa ya LED inayopumua polepole: namna ya kuchagua kasi yake

Mama yangu alihamisha kitanda kwa sababu ya taa ndogo kuliko punje ya mahindi. Nilikuwa nimemfungia betri ya sola na inveta kwenye kona ya chumba, na juu ya boksi nikaweka LED nyekundu ya kumweka ili akiiona ajue mfumo unafanya kazi. Pakiti niliyoitoa ilisema LED hizo ni za kumweka polepole. Siku ya tatu akanipigia simu: “Baba, hii taa yako inaniita usiku kucha, nikiamka haina la kuniambia.”

Nilikwenda, nikakaa gizani na saa ya simu mkononi, nikahesabu. Ilikuwa inamweka karibu mara mbili kwa sekunde. Indiketa ya gari ikipita kasi hiyo, dereva anashuku balbu mojawapo imeungua. Na hiyo ndiyo niliyokuwa nimemwekea mama kichwani pa kitanda.

Tangu siku hiyo siliamini tena neno “polepole” kwenye pakiti. Hapa naeleza ninavyochagua sasa, iwe ni taa ya kuonyesha chaji, taa ya chumba cha mtoto, taa ya alama ya tangi la maji, au pambo la ukumbi. Huhitaji kuwa fundi kwa hatua nne za mwanzo. Ya tano ni ya wenye mkono wa kuchomelea.

Hatua ya 1: Geuza Hz iwe sekunde

Hz, ambayo husomwa hezi, ni idadi ya mizunguko kamili ndani ya sekunde moja. Mzunguko kamili ni safari nzima: taa inawaka, inafifia, inazima, kisha inarudi ilipoanzia. Namba hii ni rahisi kwa vitu vya haraka. Kwa taa za polepole inateremka chini ya moja, na mtu akisoma 0.2 Hz hapati picha yoyote kichwani. Kwa hiyo gawanya 1 kwa namba hiyo, utapata sekunde za mzunguko mmoja. 1 Hz ni sekunde moja. 0.5 Hz ni sekunde mbili. 0.25 Hz ni sekunde nne, 0.2 Hz ni tano, 0.1 Hz ni kumi. Ukitaka mapigo kwa dakika, zidisha Hz kwa 60: 0.2 Hz ni mapigo 12 kwa dakika.

Angalia jambo linalowaponyoka wengi. Ukitoka 2 Hz kwenda 1.5 Hz, mzunguko unarefuka kwa sekunde 0.17 tu, na jicho halioni tofauti kubwa. Ukitoka 0.3 Hz kwenda 0.15 Hz, namba imepungua kidogo sana kwa kuitazama, lakini mzunguko umerefuka kutoka sekunde 3.3 hadi 6.7. Huku chini, kila sehemu ya kumi ya hezi ni kitu kikubwa. Ndiyo maana nasisitiza sekunde.

Kuna mitego mitatu kwenye namba za wauzaji. Wa kwanza, wengine huhesabu kila badiliko: kuwaka moja, kuzima mbili. Taa yao ya 1 Hz kumbe ina mzunguko wa sekunde mbili. Wa pili uko kwenye LED za rangi nyingi zinazobadilika zenyewe. Muda ulioandikwa unaweza kuwa wa rangi moja kwenda nyingine, ilhali safari nzima kutoka nyekundu hadi kurudi nyekundu inachukua mara kadhaa ya hapo. Wa tatu ndio unaowapoteza hata mafundi: karatasi inasema 500 Hz au 1,000 Hz kwa taa ambayo inapumua taratibu kabisa mbele ya macho yako. Hiyo si kasi ya kupumua. LED nyingi hufifishwa kwa kuiwasha na kuizima haraka mno, mara mamia kwa sekunde, na jicho likaona mwanga hafifu badala ya kuona kuzimika. Mafundi huita mbinu hiyo PWM. Kwa hiyo taa moja ina namba mbili: ya juu, ambayo hutakiwi kuiona kamwe, na ya chini, ambayo ndiyo unayoinunua. Muulize muuzaji anazungumzia ipi. Akishindwa kujibu, nenda hatua ya 4.

Hatua ya 2: Amua taa hiyo iseme nini

Mdundo wa taa ni lugha, na watu waliokutangulia wameshakubaliana maneno mengi. Ukichagua kasi bila kujua hilo, taa yako itasema usilolikusudia, kama yangu ilivyofanya kwa mama.

Anza na mwili. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, yaani mzunguko wa sekunde tatu hadi tano, au 0.2 hadi 0.33 Hz. Taa inayopanda na kushuka kwa mwendo huo huonekana imelala. Kampuni ya Apple ilipewa hataza nchini Marekani mwaka 2003 kwa taa ya kompyuta iliyokuwa ikipumua namna hiyo wakati mashine imepumzishwa, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba kompyuta imelala, haijazimwa. Kwa chumba cha kulala, chumba cha mgonjwa au sehemu ya ibada, mimi sipandi juu ya kasi hii. Mara nyingi nachagua sekunde tano au sita, kwa sababu mtu anayesinzia hupunguza pumzi, na taa inayokwenda haraka kuliko kifua chake inamvuta nyuma.

Mitambo nayo ina mpangilio wake. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60073, kinachohusu rangi na ishara kwenye mashine, kinagawa kumweka katika makundi mawili: polepole ni 0.4 hadi 0.8 Hz, na kawaida ni 1.4 hadi 2.8 Hz. Tazama pengo lililoachwa katikati kwa makusudi. Likiwapo, mtu akiwa mbali, hata kama hana saa, hawezi kuchanganya moja na nyingine. Ukitaka taa mbili zitofautiane, moja ya “maji yamepungua” na nyingine ya “pampu imekwama”, usiziweke 0.8 na 1.2. Ziweke 0.5 na 2, na hata mtoto atakuambia ipi ni ipi.

Barabarani, kanuni za Umoja wa Mataifa za taa za magari zinataka indiketa imweke mara 60 hadi 120 kwa dakika, yaani 1 hadi 2 Hz. Kasi hiyo imeshaingia kwenye mishipa ya kila mtu anayevuka barabara. Ukiiweka kwenye pambo la ukutani, wageni wako watakuwa wakiitupia jicho bila kujua kwa nini.

Baharini ndiko mdundo unakobeba uhai wa watu, na ningependa kila aishiye pwani alijue hili kidogo. Maboya ya taa hutambulishwa kwa rangi na mpangilio wa mwako. Boya linaloonyesha kwamba njia salama iko upande wa mashariki humweka mara tatu kisha hutulia. La kusini humweka mara sita likamalizia na mwako mmoja mrefu. La magharibi mara tisa. La kaskazini halipumziki. Ukiuchora uso wa saa utaona namba hizo zilivyopangwa: tatu kulia, sita chini, tisa kushoto. Nahodha anayeingia bandarini usiku huhesabu mwako akilinganisha na ramani. Sasa mtu mwenye hoteli ufukweni akifunga taa ya kijani au nyekundu inayomweka juu ya paa upande wa bahari, anatia neno la uongo katika mazungumzo hayo. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini zinakataza chombo kuonyesha taa zinazoweza kudhaniwa ni zile rasmi. Zinaeleza pia kwamba “taa ya kumweka” kwa maana yake ni ile ya miako 120 au zaidi kwa dakika. Kwa ngalawa au boti yako, fuata taa zinazotakiwa. Pambo liache nyumbani, na likiwa ufukweni ligeuzie nchi kavu.

Kwa kifupi cha hatua hii: mzunguko wa sekunde nne hadi saba kwa utulivu, sekunde mbili hivi kwa “nipo, ukipata nafasi njoo”, nusu sekunde hadi sekunde moja kwa “njoo sasa”. Chini ya theluthi moja ya sekunde usiende kabisa, sababu nitaieleza hatua ya 6.

Hatua ya 3: Tazama sura ya mpigo

Taa mbili zenye 0.5 Hz zinaweza kuwa tofauti kama kofi na mkono uliowekwa begani. Ya kwanza inawaka kwa sehemu ndogo ya sekunde, tap, kisha giza hadi sekunde mbili zitimie. Ya pili inapanda taratibu, inafika kileleni, inashuka. Kasi ni ileile. Kinachobadilika ni jinsi mwanga unavyoingia na kutoka, na kwa taa ya polepole hilo lina uzito kuliko namba yenyewe.

Kwa utulivu, tafuta taa inayopanda na kushuka bila kona. Nzuri zaidi ni ile inayotumia muda mrefu kidogo kushuka kuliko kupanda, kisha ikatua chini kwa kitambo, kama pumzi inavyotoka na kifua kikangoja kabla ya kuvuta tena. Ikiwa mwanga unapanda na kushuka kwa mstari ulionyooka kwa hesabu, jicho halitauona umenyooka. Jicho huhisi mabadiliko makubwa kwenye giza na madogo kwenye mwanga mkali, kwa hiyo taa ya namna hiyo huonekana inaruka juu mara moja, inakaa sana kileleni, kisha inaanguka ghafla. Mtengenezaji mwangalifu hurekebisha hili ndani ya chipu.

Chunguza hasa chini, pale mwanga unapokaribia kufa. Chipu za bei ndogo hugawa mwanga katika ngazi chache, mara nyingi 256. Kutoka ngazi ya 200 hadi 201 hakuna anayeona. Kutoka ya 1 hadi ya 2 mwanga umekuwa maradufu, na jicho linaona taa ikijikwaa. Kwenye mzunguko wa sekunde mbili hilo linapita haraka. Kwenye mzunguko wa sekunde nane utaliona kila mara, usiku kucha. Kadiri unavyotaka taa iende polepole, ndivyo unavyohitaji chipu bora.

Kwa taa ya betri, hali hugeuka: huko mwako mfupi ndio rafiki yako. Chukua LED inayotumia miliampea 10 ikiwa imewaka. Ikiwaka sekunde moja na kuzima sekunde moja, wastani ni miliampea 5, na betri za AA za 2,000 mAh (miliampea-saa) zilizounganishwa mfululizo zitakwisha baada ya saa 400, kama siku 16 au 17. Ikimweka kwa milisekunde 50 tu kila sekunde mbili, wastani unashuka hadi miliampea 0.25, na betri zilezile zinakwenda saa 8,000, karibu miezi kumi na mmoja, ukiacha kile kinachotumiwa na saketi yenyewe. Kwa alama ya shambani, kwenye tangi au kwenye lango ambako hakuna umeme, mimi huchukua mwako mfupi bila kusita. Hakuna anayelala pale.

Hatua ya 4: Pima kabla ya kulipa

Iwe uko Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, muuzaji wa vipuri atakuruhusu ujaribu ukimwomba kwa heshima. Mimi hutembea na kishikizo cha betri tatu za AA, ambazo hutoa volti 4.5, kikiwa na rezista (kipande kinachopunguza umeme) ya omu 220 kwenye waya mmoja. Mguu mrefu wa LED huenda kwenye chanya. Kwa rezista hiyo huwezi kuichoma LED nyekundu wala ya bluu. Watu wengi hujaribu kwa betri ya saa ya volti 3 bila rezista. Kwa LED ya kawaida inatosha kuona kama inawaka, lakini LED yenye chipu ndani inahitaji volti za kutosha ili mdundo wake uwe wa kweli, na volti 3 zikishuka kidogo tu inaanza kubabaika. Ukiichungulia LED ya kumweka yenyewe, kwa kawaida utaiona chipu kama doa jeusi karibu na kichwa chake.

Hesabu mizunguko kumi kwa saa ya simu, kisha gawanya kwa kumi. Anza kwa kusema “sifuri” taa inapofika kileleni, ndipo uendelee moja, mbili, tatu. Ukianza na “moja” utakuwa umepima mizunguko tisa ukidhani ni kumi, na kila taa utaiona ya haraka kuliko ilivyo. LED za kawaida za kumweka zenye chipu ndani nimezoea kuzikuta kati ya 1.5 na 2.5 Hz, ndiyo maana ile ya mama ilikuwa vile. Kwa mwenye kiwanda hiyo ni polepole kwa sababu ana nyingine ya haraka zaidi. Neno lake linalinganisha bidhaa zake mwenyewe.

Usipime juani. Weka taa ndani ya boksi la kadibodi au chini ya kaunta, uichungulie. Kisha itazame kwa pembeni ya jicho, ukielekeza uso kwingine. Pembeni mwa jicho huona mtikisiko ambao katikati hauoni, na taa ya chumbani utaiona kwa pembeni muda mwingi kuliko utakavyoitazama moja kwa moja. Halafu ielekezee kamera ya simu. Ukiona mistari inayotambaa kwenye kioo, ile namba ya juu ya PWM ni ndogo. Kwa taa ya kuonyesha chaji si neno. Kwa taa ya kusomea au ya chumba cha mtu mwenye kipandauso, tafuta nyingine.

Ukinunua nyingi, washa kadhaa kwa pamoja na usubiri. Kila chipu ina saa yake ndani, na hakuna mbili zinazolingana kabisa. Taa mbili, moja ya sekunde 4.0 na nyingine ya 4.2, zikianza pamoja zitaachana, zitapingana kabisa, kisha zitakutana tena baada ya sekunde 84. Kuna anayeupenda mchezo huo kwenye bustani. Kwenye chumba tulivu mimi unanichosha. Ukitaka zote ziende pamoja, tumia chipu moja kuendesha zote. Kwa LED za kuwaka na kuzima kuna njia nyepesi: unga LED moja ya kumweka mfululizo na LED mbili nyekundu za kawaida na rezista ya omu 180 kwenye volti 9. Ya kumweka inapokata umeme, wenzake nao hukatika, wote watatu wakamweka kama mmoja.

Kwa mikanda ya mapambo yenye kitufe cha kubadilisha mitindo, chagua mtindo wa polepole, kisha chomoa na uchomeke tena papo hapo dukani. Mingine huanza upya kwenye mtindo wa kwanza kila umeme unaporudi, na mtindo huo mara nyingi ni ule wa kurukaruka. Nyumba ambayo umeme hukatika mara mbili kwa wiki haifai kuwa na mkanda wa namna hiyo chumbani.

Hatua ya 5: Usipoipata, itengeneze

Chipu ya 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971, bado inapatikana kila duka la vipuri kwa bei ndogo. Mpangilio wake wa kawaida ni huu. Mguu wa 8 na wa 4 kwenye chanya, wa 1 kwenye hasi. Rezista ya kwanza, R1, inatoka chanya kwenda mguu wa 7. Ya pili, R2, inatoka mguu wa 7 kwenda kwenye miguu ya 6 na 2 iliyounganishwa pamoja, na kutoka hapo kapasita inashuka hadi hasi. Mguu wa 5 mpe kapasita ndogo ya nanofaradi 10 kwenda hasi. Kasi ni 1.44 gawanya kwa (R1 + 2R2) × C, ambapo rezista ni kwa omu na kapasita kwa faradi.

Kwa taa ya kuwaka na kuzima kila sekunde, weka R1 ya kilo-omu 10, R2 ya kilo-omu 68 na kapasita ya mikrofaradi 10. Utapata 0.99 Hz. LED iunge mguu wa 3 kupitia rezista ya omu 470, upande wa pili kwenye hasi. Ukibadilisha kapasita kuwa 47, mzunguko unakuwa karibu sekunde 4.8, bila kugusa kingine.

Hiyo bado inawaka na kuzima kwa ghafla. Ili ipumue, acha mguu wa 3 wazi kabisa. Voltiji unayoitaka iko kwenye kapasita: inapanda na kushuka taratibu kati ya theluthi moja na theluthi mbili za voltiji ya betri. Kwenye volti 9 ni kati ya 3 na 6. Chukua transista ya NPN kama BC547, besi yake iunge kwenye kapasita, kolekta kwenye chanya, na emita ipitie rezista ya omu 330 hadi LED nyekundu, kisha hasi. Taa itapanda kutoka karibu miliampea 1 hadi kama 10, na kurudi, bila kuzima kabisa.

Hapa nilikwama jioni nzima mara ya kwanza, kwa hiyo nakuonya. Nilibaki na R2 ya kilo-omu 68 na taa ikapanda nusu ikaganda. Besi ya transista nayo hunywa umeme, mikroampea hamsini hivi taa ikiwa kileleni, na rezista kubwa kiasi hicho haiwezi kuilisha besi na kuijaza kapasita kwa wakati mmoja. Punguza rezista na uongeze kapasita: R1 ya kilo-omu 1, R2 ya kilo-omu 10, kapasita ya mikrofaradi 330. Hesabu inatoa sekunde 4.8, mapigo kama 12 na nusu kwa dakika. Kapasita za aina hii huweza kutofautiana kwa asilimia 20 na namba zilizoandikwa juu yake, kwa hiyo yako itaangukia popote kati ya sekunde 3.8 na 5.8. Nunua tatu, uchague kwa saa.

Usiiendeshe kwa betri ya mraba ya volti 9 ukategemea ifike wiki. Chipu ya kawaida ya 555 pekee hutumia miliampea kadhaa, ukijumlisha na LED betri itakwisha kwa siku moja au mbili. Tumia chaja ya simu ya volti 5 na upunguze rezista ya LED iwe omu 68. Kwa volti 5, mwanga utazima kabisa chini ya kila mzunguko kabla ya kupanda tena, na mimi naupenda zaidi hivyo, kwa sababu ya ule mtulio wa mwisho wa pumzi.

Hatua ya 6: Fikiria macho na vichwa vitakavyokuwa karibu

Kuna watu ambao mwanga unaomweka huwaletea degedege la kifafa. Ni wachache miongoni mwa wenye kifafa, lakini mtu anaweza kuwa hajijui mpaka siku hiyo. Tarehe 16 Desemba 1997 nchini Japani, katuni ya televisheni ilionyesha rangi nyekundu na bluu zikipokezana karibu mara 12 kwa sekunde, na watu zaidi ya 600, wengi wao watoto, wakapelekwa hospitali. Eneo baya zaidi ni kama miako 15 hadi 25 kwa sekunde, na nyekundu kali huongeza hatari. Mwongozo wa kimataifa wa kurasa za mtandao unaweka mpaka kwenye miako mitatu kwa sekunde, nami naufuata mpaka huo kwenye taa pia.

Taa ya polepole iko mbali na mpaka huo, lakini rudi kwenye suala la taa nyingi zisizokwenda pamoja. Taa nane, kila moja ikimweka mara moja kwa sekunde mbili na kila moja kwa wakati wake, zinakipa chumba miako minne kwa sekunde. Hakuna hata moja iliyovunja mpaka, ila chumba kimeuvunja. Kwenye ukumbi wa harusi au darasa la watoto, ziendeshe zote kwa chipu moja, na chagua za kufifia badala ya za kumweka.

Rangi ya usiku iwe nyekundu au kaharabu, na iwe hafifu. Mwanga wa bluu ndio unaouambia mwili kwamba kumekucha kuliko rangi nyingine, na kwa bahati mbaya watengenezaji huipenda sana LED ya bluu. Kama boksi ulilonunua linayo tayari, tabaka mbili tatu za plasta ya karatasi huipunguza bila kuifungua.

Taa ya mama niliibadilisha kwa ile ya sekunde 4.8, nikaigeuza iangalie ukuta ili aone mwanga wake tu ukipanda na kushuka kwenye chokaa. Nyuma ya boksi nilibandika karatasi: sekunde za mzunguko, thamani za R1, R2 na kapasita, na tarehe. Kapasita huchakaa, hasa ikikaa karibu na inveta yenye joto, na siku mdundo ukibadilika yeyote atakayeifungua ataanzia kwenye karatasi hiyo. Kitanda kimerudi mahali pake, chini ya dirisha.